Nilivyoupaka Krimu Ukuta wa Mvua wa Mama Kulwa

Nilikosa. Na sikukosea gizani wala nikiwa nimelewa. Nilikosa mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na ndoo mbili za rangi. Jina naomba nilifiche, ingawa watu wa mtaa wetu hapa Bariadi wakisoma mistari mitano tu watanijua na kuanza kucheka.

Kazi yangu ni ufundi: dari za jipsam, madirisha ya aluminiamu, rangi. Jioni zangu, kwa miaka mitano sasa, ni kwa Mama Kulwa.

Baa ya Mama Kulwa haina bango. Bati lake lina kutu nyingi kuliko bati lenyewe, na viti vya plastiki vimeshonwa kwa waya mpaka vinakushika suruali ukitaka kuondoka mapema. Kiti kimoja kina mguu mfupi uliowekewa vizibo vya soda, na mgeni akikikalia tunanyamaza wote kumsubiri aanguke.

Choo hakina komeo. Ukiingia unaimba, ili aliye nje ajue kuna mtu. Kila mteja ana wimbo wake. Mzee Masunga, aliyekuwa mpima pamba enzi zake, huimba wimbo wa kwaya wenye beti sita, na tunajua kwamba akifika wa tano ndiyo ananawa. Hakuna aliyewahi kulalamika, zaidi yangu.

Mimi nililalamika kila siku. Nilijiona mtu wa kisasa. Nilikuwa nawaambia, "Bagosha, wanaume wenzangu, mnakaaje sehemu kama hii?" huku mwenyewe nimekaa hapo tangu saa kumi, natafuna michembe ya Mama Kulwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga.

Basi mwaka jana, kabla ya mvua, binti yake Doto akajifungua kule Malampaka. Mama Kulwa akafunga baa wiki mbili akamhudumie. Funguo akaniachia mimi.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "ziba lile tundu la bati juu ya kaunta. Hilo tu."

Hilo tu! Mtu kanipa kazi ya nusu siku, mimi nikajipa ya siku kumi. Nilikuwa na rangi ya krimu iliyobaki kwenye gesti moja niliyomaliza, na vipande vya jipsam, na komeo jipya la mlango. Nikasema nitamshangaza mama wa watu. Sikutaka malipo. Nilitaka kusifiwa, na hiyo tamaa ilinimaliza.

Sasa kuna ukuta mmoja pale ndani, upande wa friji. Marehemu mume wake, Baba Kulwa, alikuwa mkulima wa pamba, na kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha alikuwa anaandika ukutani kwa mkaa. Anaandika siku, kisha anaongeza jambo la kuutambulisha mwaka huo. "Mvua ya kwanza Jumanne. Mwaka fahali wa Shigela alipokwama lamboni." "Mvua ya kwanza Ijumaa. Mwaka Masunga alipoota jino." Ukuta ulijaa mpaka juu. Wakulima walikuwa wanakuja mpaka kutoka Nkoma, wanaagiza soda moja, wanausoma ukuta, wanabishana kama wapande sasa au wangoje.

Mimi silimi. Kwangu yale yalikuwa masizi. Kwa miaka mitano nilikaa nimeyapa mgongo.

Nilianza kupaka asubuhi. Kufika saa sita ukuta wote ulikuwa krimu, isipokuwa sehemu iliyo nyuma ya friji. Nikaisukuma friji. Pale chini, usawa wa mtu aliyekaa, nikakuta mstari mmoja ambao haukuwahi kuonekana, maana friji ile ililetwa wiki ya msiba wa Baba Kulwa kwa ajili ya maji ya wageni na haikuondolewa tena.

Wenzangu wote niliwaambia sikujua ukuta ule ni nini. Ni uongo kwa huo mstari wa mwisho. Niliusoma. Niliusoma wote, nikajua kabisa ni maneno ya mgonjwa. Nikasimama na brashi inadondosha rangi kwenye kiatu. Nikajiambia nimpigie Mama Kulwa nimuulize. Halafu nikajiambia, krimu ikiacha kiraka itaonekana kazi mbaya.

Nikapaka.

Mama Kulwa aliporudi nilikuwa mlangoni na shati safi. "Mwadila mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma, nikafungua mlango kwa madaha. Akaingia, akatazama dari. Akatazama mlango wa choo. Kisha akageukia ukuta, nami nikamwona anaweka mzigo chini taratibu sana.

"Uko wapi?" akauliza.

Nikadhani anauliza uvujaji wa bati. Nikamwonyesha tundu lilivyozibwa.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikaa akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba yale ndiyo yaliyokuwa maandishi pekee ya mumewe, kwamba hakuacha barua wala daftari. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Ila mwaka wake wa mwisho hakuandika. Mvua ilinyesha, alikuwa amekaa hapo hapo, mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka nikatafuta mstari wake juu pale, haupo. Ndipo nilipojua baba amekata tamaa."

Nami nilijua si kweli, na nilinyamaza.

Adhabu ilianza kesho yake. Wazee walinipiga mchenya, ile adhabu yetu ya kumtenga mtu. Hakuna kunisalimia, hakuna kukaa meza yangu. Halafu Mzee Masunga akaenda chooni, akajifungia kwa lile komeo langu la kisasa, likagoma kufunguka. Aliimba beti zote sita, akarudia. Tulikuja kushtuka alipoanza wimbo wa mazishi.

Baada ya hapo wazee wakahama. Wakahamia baraza la duka la pembejeo ng'ambo ya barabara, wakawa wanakunywa soda kwa hasira. Vijana walikuja siku mbili, wakapiga picha chini ya jipsam, wakaondoka. Mama Kulwa akabaki na baa nzuri na mteja mmoja, mimi, ambaye pia haongeleshwi. Jina nikapewa: Krimu. Mpaka leo mafundi wenzangu wananiita Krimu mbele ya wateja.

Jina nililizoea. Kilichonitafuna ni ile friji. Kila Mama Kulwa alipoinama kutoa bia, alikuwa anainama mbele ya jibu lake. Nikimwambia, itabidi niseme nililisoma kabla ya kulifuta. Nikawa naahirisha. Kesho, Jumamosi, mwisho wa mwezi.

Kisha mvua ikanyesha. Alhamisi, saa nane mchana, na tundu la bati, Mungu anisamehe, likavuja upya.

Wazee wakavuka barabara mbio na kujibanza ndani. Wote walikuwa wanautazama ukuta. Mama Kulwa akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akanipa mimi.

"Andika," akasema. "Mvua ya kwanza Alhamisi. Mwaka Krimu alipopaka ukuta."

Wakacheka, Masunga akacheka mpaka akakohoa. Mchenya ulikuwa umeisha pale pale. Ningeweza kuandika, nikacheka nao, nikanywa bia yangu. Nikauweka mkaa juu ya kaunta.

"Mayu," nikasema, "Baba Kulwa aliandika."

Mvua ilizidi kupiga bati.

"Nyuma ya friji, chini. Aliandika akiwa amekaa. Niliusoma huo mstari, kisha nikaupaka rangi. Nilijua ninachokifanya."

Mama Kulwa hakunitazama. Alitazama friji. "Aliandika nini?"

Nikamwambia neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimeukariri bila kutaka: "Mvua ya kwanza Jumapili. Mwaka huu nimeiona nimekaa. Mwakani nitaiona nimesimama."

Alirudia kwa midomo, bila sauti. Akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, na kwa mara ya kwanza hatukusubiri aanguke. Mzee Masunga alikwenda akasimama nyuma yake, akakishika.

Alilia kidogo. Kisha akapangusa uso kwa kanga, akasema, "Kumbe alikuwa na mpango." Akainuka. "Sogeza friji."

Nikaisogeza. Nikapiga magoti, nikaandika maneno yale pale pale yalipokuwa, usawa wa mtu aliyekaa. Mwandiko ni wangu, mbaya, umeinama. Yeye anajua si wa mumewe, nami najua. Huo wa mumewe hautarudi, na hakuna fundi Simiyu nzima wa kuurudisha, kuanzia na mimi.

Friji sasa iko upande mwingine. Komeo niling'oa, watu wanaimba. Wazee wamerudi, na wiki nzima wanabishana kukumbuka miaka mingine iliyofutika. Masunga anakana kabisa habari ya jino. Na kuna mtoto wa jirani kazaliwa juzi, bibi yake anasema amezaliwa mwaka wa Krimu. Nimeshakuwa kalenda.

Nawe unayesoma, kama una rangi iliyobaki na moyo wa kusaidia, nakuomba uketi kwanza. Ukikuta maandishi ukutani, muulize mwenyewe kabla hujachovya brashi. Na kama umeshapaka, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza wiki saba. Wiki saba zaidi mama wa watu aliendelea kuamini mumewe alikata tamaa, na mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake, nakunywa bia, nasifia dari yangu mwenyewe.