Niliandika Jina la Chumba Chao kwenye Kebo

Admin, nifichie jina na mahali ninapofanya kazi. Mengine yaache yalivyo, hata yale yanayoniaibisha.

Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, kaka yake akanichukua huku Lubumbashi. Namwita Tonton. Ni mfanyabiashara wa jumla. Ukoo wetu umetoka Kivu Kaskazini. Alinisomesha mpaka nikapata diplome ya mitandao ya kompyuta. Hilo silikani, ingawa siku hizi nikimsikia tu akikohoa koridoni, napitia mlango wa nyuma.

Vita vilipoikaribia Goma, Shangazi, dada yao wa mwisho, alitutumia wanawe watatu. Walishuka uwanja wa ndege wa Luano na begi moja. Mkubwa ni Furaha, ana miaka kumi na tisa. Shangazi mwenyewe alibaki kwa ajili ya Koko, bibi yetu, mama mzazi wa Tonton, ambaye hawezi kutembea. Muda si mrefu mji ukaanguka, na kumpata Shangazi kwenye simu ikawa bahati.

Watoto walipewa chumba cha nyuma. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali mazito, na wifi ya sebuleni haifiki kule, wala Tonton hakutaka watoto wakae na simu sebuleni. Nikasema nitavuta kebo, na mwisho wake niweke kisanduku kidogo cha wifi. Jumamosi mbili nilitoboa kuta, nikapitisha kebo juu kwenye dari, nikapanga zile nyuzi nane kwa rangi zake, nikabana vichwa vya plastiki kwa koleo. Kebo zote zilikutana kwenye kisanduku kimoja kikubwa, ofisini kwa Tonton hapo nyumbani. Kila moja nikaibandika karatasi yenye jina: SALON, CHUMBA CHA TONTON, CHUMBA CHA NYUMA. Hakuna aliyeniomba. Ilikuwa fahari yangu ya mtu aliyesoma: tulifundishwa kwamba kebo isiyo na jina humtesa atakayekuja baadaye. Furaha alipoona simu yake, isiyo na pesa ya intaneti, imeshika mtandao, alinikumbatia akilia.

Jumapili moja, mbele ya wageni wa kanisani, Tonton alikuwa anasimulia anavyolisha wakimbizi. Akasema dada yake alibaki Goma kwa kupenda vitu. Furaha, aliyekuwa anagawa sahani, akajibu polepole, "Hapana, Tonton. Mama alibakia juu ya mama yenu."

Jioni ile chumba cha nyuma hakikuwa na mtandao. Nilidhani ni hitilafu ya kawaida, nikasema nitaangalia kesho.

Kesho yake saa sita mchana, nikiwa kazini mjini, nikapata ujumbe wa sauti ya Shangazi kutoka namba nisiyoijua: "Nimepigia Furaha mara nane mu internet, haingii. Ananikasirikia juu nilimuacha? Hii simu si yangu, mwenyewe anaitaka. Tunatoka leo, Koko niko naye mu mugongo. Umuambie..." Ikakatikia hapo. Nikapiga. Haikuita.

Nilikimbia nyumbani. Ofisini kebo zote zilikuwa mahali pake isipokuwa moja. Kichwa cha kebo kina kidole cha plastiki. Kikiingia hulia tak, na hakitoki mpaka mtu akibonyeze. Kidole kilikuwa kizima. Mwandiko wangu ulikuwa unaning'inia, unasomeka vizuri: CHUMBA CHA NYUMA.

Tonton alikuwa mezani, anakula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki.

"Nani alichomoa kebo ya batoto?"

"Mi mwenyewe. Mutoto bila heshima, kwanza aombe pardon. Internet iko ya nani mu hii nyumba?"

Nikamwambia Shangazi alipiga, na kwamba mama yake mzazi anabebwa mgongoni njiani. Alinyonya kichwa cha samaki mpaka mafuta yakamfika kidevuni.

"Nilibaambia bakuje tangu mwanzo. Kichwa nguvu. Na weye, ukimuambia Furaha, atanipandia kichwani, nitabatoa bote inje. Weye njo utakuwa umebatoa."

Kisha Furaha alipoingia na maji ya kunawa, akacheka. "Furaha, kazi ya dada yako njo hii, kamba iliachia yenyewe. Ba-ingénieur ba diplôme!"

Nami nikaenda ofisini, nikaiacha lawama iwe yangu. Nilirudisha kebo, zile simu nane zikaonekana kwenye simu ya Furaha, akapiga na kupiga. Sasa ni wiki tatu, Shangazi hajasikika. Karatasi zangu nimezibandua kwa kucha, gundi imebaki. Jumapili iliyopita Tonton alisimama kanisani akawaombea wakimbizi kwa machozi, nikatoka nje kabla ya amina.

Ujumbe wa Shangazi bado ninao. Sijamsikilizisha Furaha: akiusikia ataniuliza kilichotokea, na uongo sitauweza. Kila asubuhi anakaa karibu na kile kisanduku cha wifi cha chumbani kwao, simu mapajani. Jana alinishika mkono akaniambia, "Dada, usijisumbue. Kamba ni kamba. Haikuwa kosa yako."

Ninyi mnaosoma, nimpe asikie sauti ya mama yake na nimwambie nani alichomoa kebo, tukalale nje sote wanne? Au nikae kimya, wadogo wabaki na paa, nami niendelee kusamehewa kosa ambalo si langu, huku langu halijui? Peke yangu nimeshindwa. Semeni ninyi.