Mita Sita Nje ya Mfereji

Tii. Kimya. Tii.

Saa kumi na moja alfajiri, taa haijawashwa, na mlio huo mdogo unatoka jikoni, juu ya rafu, karibu na beseni la unga uliokandwa na kufunikwa kitambaa. Ni chaja ya betri za kifaa chake cha kazi. Tuda Uassu amelala macho, anausikiliza kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Ukienda haraka, betri bado ina njaa. Ukipungua, imeshiba.

"Mume wangu anasema nimemletea mke mwenza," ananong'ona, akifunga kilemba chake gizani. "Tena mwenza asiyelala usiku."

Tuda, mwenye miaka thelathini na sita, ni fundi mpimaji wa barabara katika milima ya Atlasi, upande wa Azilal. Kazi yake inaanzia pale ya mchoraji inapoishia. Mchoraji, aliye ofisini Beni Mellal, huchora barabara kwenye kompyuta. Tuda huuhamisha mchoro huo, ukiwa umegeuzwa kuwa tarakimu, hadi kwenye kifaa cha mkononi kinachoongoza chombo chake cha kupimia. Kisha hupigilia vigingi, na katapila hufuata vigingi.

"Katapila haijui kusoma," anasema. "Inafuata kigingi tu. Mimi nikikosea, mlima nao unakatwa kwa makosa."

Kwa mwezi anapata dirham elfu sita na mia mbili. Halalamikii pesa hizo. Anacholalamikia ni bonde moja ambalo mpaka leo hapendi kupita.

Miaka minne iliyopita, katika bonde hilo, alipokea faili lenye kosa, kifaa kikalifungua bila kugoma, naye akapigilia. Kalavati, lile bomba la zege la kupitisha maji chini ya barabara, likazikwa mahali ambapo kijito hakipiti. Msimu mzima wanawake wakabeba maji kwa punda mpaka lilipofukuliwa.

"Hakuna aliyenigombeza," anasema. "Bibi mmoja akanipa mkate. Akaniambia, kula binti, hata sisi siku nyingine huzidisha chumvi. Nikala huku nalia. Afadhali angenipiga."

Tangu hapo ana desturi yake. Kabla ya kigingi cha kwanza, huchagua nukta tatu kwenye karatasi iliyochapwa na kuzilinganisha na kifaa, tarakimu kwa tarakimu, kwa penseli. Zikikubaliana, hutafuta ya nne. Hiyo haiko kwenye karatasi. Ni kitu kilichopo ardhini, ambacho mchoraji hajawahi kukiona kwa macho yake. Tuda husimama pale na kukiuliza kifaa: hapa ni wapi?

Asubuhi hii yuko kwenye barabara mpya ya kijiji cha Ait Tamda, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka nyumbani. Wanakijiji waliomba kona moja isogezwe mita nne kwenda juu ili uwanja wao wa kupuria shayiri usimezwe. Mchoraji akakubali. Faili jipya limekuja jana.

Mbele kidogo ya kona hiyo, mfereji wa kijiji unakatiza njia ya barabara. Hapo ndipo kalavati litalazwa, na mtaro wake lazima uchimbwe leo, kwa maana katapila imekodiwa siku moja tu. Chini ya barabara kuna matuta ya shayiri ya nyumba arobaini na moja. Ni mwezi wa tano, punje ndiyo inajaa. Maji yakikatika wiki mbili, watavuna makapi.

Nukta tatu zinakubaliana, hata sentimita haikupotea. Mimun, dereva wa katapila, anawasha injini.

"Lalla Tuda," anamwita kwa heshima, "ni leo au kesho?"

"Zima kwanza."

"Nikizima haiwaki tena. Betri yangu haikulelewa jikoni kama zako."

Tuda anaingia mferejini na viatu vyake, maji yakimfika vifundoni, anasimamisha fimbo ya kupimia katikati ya mkondo. Anasoma kwenye kifaa umbali kutoka mwanzo wa barabara. Kilomita mbili na mita mia tatu arobaini na sita. Anasoma umbali wa kalavati kwenye faili. Kilomita mbili na mita mia tatu arobaini.

Anatembea hizo mita sita kurudi nyuma. Chini ya miguu yake ni mwamba mkavu, na uko juu kuliko maji.

Fadma, mjane ambaye tuta lake ndilo la kwanza chini ya barabara, anafika na birika la chai. Anamtazama Tuda aliyesimama pale mwambani.

"Binti yangu, hapo unatafuta nini? Hapo hata mjusi anakufa kwa kiu."

"Mashine inasema bomba likae hapa, mama."

Fadma anautazama mwamba, kisha mfereji. Anamimina chai. "Basi iambie na maji yajifunze kupanda."

Mimun anacheka, halafu anashusha sauti. "Sogeza kigingi wewe mwenyewe. Mita sita, nani atajua?"

Tuda anatikisa kichwa. Kina cha bomba nacho kinatoka kwenye tarakimu hizohizo, na mbele kuna makalavati mengine mawili. "Nikidanganya hapa, kule mbele nitadanganywa mimi."

Mtandao wa simu unapatikana mgongoni mwa mlima tu. Anapanda dakika ishirini. Nawfal, mchoraji, anapokea.

"Mbona mimi kwenye skrini naona kalavati limekaa juu ya mfereji kabisa, dada?"

"Hiyo ni picha, kaka. Nifungulie orodha, unisomee umbali wake."

"Mbili, mia tatu arobaini."

"Sasa gusa mfereji wenyewe. Nisomee."

Simuni vinasikika vibonyezo, kimoja, kisha cha pili.

"Wallahi," Nawfal anasema polepole, "sikuliona hilo."

Kona ilipopandishwa juu, barabara ilirefuka mita sita. Kila mahali baada ya kona pakapata umbali mpya, lakini orodha ya makalavati ikabaki na umbali wa zamani. Na kinachoingia kwenye kifaa ni orodha, picha hubaki ofisini.

"Wewe hukuliona, mimi nimelikanyaga," Tuda anamjibu. "Rekebisha, nakusubiri hapahapa."

Faili linachukua dakika arobaini kufika. Akishuka, anafuta kwanza lile la zamani, maana, anasema, ndugu wawili wenye jina moja hawalali nyumba moja. Anaingiza jipya, anarudia nukta tatu kwa penseli, anarudi mferejini. Safari hii kifaa na maji vinasema jambo moja. Saa tano na nusu, vigingi vimesimama.

Begani ana mkoba wenye daftari ambalo kurasa nne za kwanza zimejaa. Anawaandikia wasichana wawili watakaoanza kazi mwezi wa tisa: kila kosa alilofanya, na namna ya kulikamata. Mwenyewe amejiandikisha masomo ya jioni ya uchoraji wa barabara.

"Nataka siku moja niketi kwenye kile kiti cha Nawfal," anasema. "Ila viatu vyangu viwe na matope bado."

Siku tisa baadaye kalavati limelazwa na kufukiwa. Tuda amekuja, ingawa si siku yake ya kazi. Fadma anaondoa kizuizi cha udongo kwa jembe. Maji yanasita, yanajikusanya, yanaingia kwenye bomba na kupotea.

Mjukuu wa Fadma, Hniya, wa miaka mitano, amechuchumaa ng'ambo ya pili ya barabara, mkono ameuingiza kwenye mdomo wa bomba. Kutoka upande huu hawamwoni. Tuda amefumba macho. Fadma ameegemea jembe.

Kisha sauti ya mtoto inatoka ng'ambo.

"Yana baridi."