Mwandika Matangazo ya Misiba Ageukia Walio Hai

Saa mbili kasoro asubuhi, Tsvetanka Doneva anafungua duka lake la kuchapisha karibu na stendi ya mabasi ya Brestovo, mji mdogo wa kusini mwa Bulgaria. Kabla hajavua koti, mteja yuko mlangoni na picha ya marehemu mkononi.

"Arobaini inatimia Ijumaa," anasema mteja. "Andika alikuwa mpole."

"Mpole kweli?"

"Si ulikuwa unamjua! Andika tu."

Tsvetanka anacheka kidogo, anaandika. Karatasi hizo zenye fremu nyeusi hubandikwa kwenye malango na nguzo: siku ya mazishi, arobaini, miezi sita, mwaka. Amezitengeneza kwa miaka kumi na tisa.

"Watu wote wa mji huu huwa wema wakishakufa," anasema mama huyu wa miaka 57. "Nikasema, jamani, si tuwaambie wangali wanasikia?"

Ndipo akaanza kitabu chake: majirani kumi na wawili wa mtaa wake, wote wazima wa afya. Aliandika kwa miaka miwili, wakati wa mapumziko ya mchana. Mwalimu mstaafu alimsahihishia kwa malipo ya chupa nne za pilipili hoho za kuoka. Kurasa alizipanga mwenyewe kwenye kompyuta ileile ya dukani. Kiwanda cha uchapaji cha Plovdiv kilitaka yuro 520 kwa nakala mia, fedha nyingi kuliko anazobakiwa nazo kwa mwezi, kwa hiyo akaagiza kwanza nakala moja ya majaribio.

Ilipofika, aliikimbiza kwa Bibi Radka, anayekaribia miaka 86, ambaye sura ya kwanza ya kitabu ni yake. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mkono umezoea: kila picha ya jirani alikuwa ameizungushia fremu nyeusi, kama ya tangazo la msiba.

"Tfu! Tfu! Tfu!" Bibi Radka akatema mate pembeni kufukuza mkosi. "We mtoto, unanizika nimesimama?"

Mlango ukafungwa. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia, na majirani saba wakataka majina yao yatolewe. Kila aliyeandikwa na Tsvetanka, walisema, yuko makaburini. Na kweli, utawabishia nini?

"Nililia," anakiri. "Miaka miwili! Na bila Bibi Radka sina kitabu, maana wenzake wote walikuwa wanamtazama yeye."

Fremu alizifuta kwa dakika kumi. Jumapili akaenda kusimama nje ya mlango wa bibi, akaanza kusoma ile sura kwa sauti: majira ya baridi ambayo mama yake Tsvetanka alilazwa hospitali, na Bibi Radka alivyokuja kila asubuhi kumsuka mtoto wa watu kabla ya shule, akivuta nywele mpaka machozi yanamtoka.

Sauti ikatoka ndani: "Rudia hapo."

Akarudia.

"Sikuwa navuta."

"Ulikuwa unavuta, bibi."

"Nywele zako zilikuwa kama brashi ya kusugulia sufuria, ningefanyaje?" Mlango ukafunguliwa. "Ingia, supu inapoa. Na uandike themanini na tano. Sita natimiza Oktoba, usinizeeshe."

Baada ya hapo wale saba walirudi mmoja mmoja, naye akaagiza zile nakala mia. Mwezi uliopita kitabu kilizinduliwa kwenye maktaba ya mji, na nakala sabini na moja zikanunuliwa siku hiyohiyo. Sasa wanaonuna ni wasiokuwemo.

"Muuza mkate ananipa wa jana," Tsvetanka anasema akicheka, "ati kwa nini nimemruka."

Kitabu cha pili ameshakianza, lakini anakiri kuna kingine anachokisubiri zaidi. Bibi Radka amenunua daftari.

"Anasema ana mtu mmoja tu wa kumwandika, mimi. Nikisogea, anafunika kwa kiganja. Amefika ukurasa wa nne," anasema. "Naomba Mungu ampe macho amalize, nimchapie. Maneno mazuri nimewaandikia watu wengi. Na mimi nataka kuyasikia ya kwangu, nimekaa hapa, nakunywa kahawa."