Kwetu Watu Hawahesabiwi

Nilipokuwa na umri wa kuchunga mbuzi, huko milimani Fizi, nilikufa mchana kutwa. Wengine hujisifu kwamba waliponea chupuchupu. Mimi nilikufa kabisa.

Kisa ni kidole. Kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole, maana kifo nacho kinasikiliza. Kikishajua idadi, kinaanza kupunguza. Sasa wakaja watu wa chanjo, wakatupanga mstari watoto wote, mmoja wao akatunyooshea kidole akihesabu. Koko, bibi yangu, akapiga kelele toka jikoni, "Hesabu mbuzi wa mama yako!" Alichelewa. Kidole kilishanigusa kifuani.

Nikamgawia binamu yangu manati, nikajilaza nyuma ya jiko ningoje. Hakuna upweke kama wa kusubiri kufa huku unasikia wenzako wanacheza mpira.

"Unafanya nini hapo?" Koko akauliza.

"Nakufa, Koko."

"Na viazi vyote vile ulivyokula? Inuka!"

Akanishika mkono, tukazunguka kijiji kizima, yeye akiita kila mtu kwa jina. Kila aliyeitwa aliitika, "Nipo!", hata Mandevu, mlevi wetu, aliyekuwa amelala mtaroni. Mwisho akaniita mimi. Niliitika mpaka kuku wakakimbia. Kifo kikachanganyikiwa hesabu, nikafufuka.

Vita vilikuja baadaye. Sisemi ni kile kidole kilichovileta; sikusoma sana, lakini si kiasi hicho.

Siku hizi napanga maboksi ghalani, huku ughaibuni nilikokimbilia, Haltom City, na hakuna anayenifikia. Mwenzangu wa zamu ni Rebwar, Mkurdi. Ananiita kaka, maana kwao pia kaka ni kaka. Kijiji chao kiko mlimani, nyumba za mawe, kondoo chini, watu juu. Vijana wote wameondoka. Mama yake kakataa. Juzi tunakula, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokota, "Kijijini mmebaki wangapi?"

Akaweka mkate chini. "Kaka, usiulize wangapi. Uliza nani."

Haya, nani? Akamtaja mama yake. Akamtaja mzee Hama mwenye mizinga ya nyuki, na mjane Halime na nyumbu wake mkorofi. Wakaisha kabla chai haijapoa.

"Na kwenu?"

Simu za kule hazipatikani tena; sijui nani yupo. Nikaanza na Koko, ambaye nilimzika mwenyewe. Nikamtaja Mandevu. Nikamtaja binamu yangu. Rebwar hakuuliza yupi yu hai. Kengele ya kazi ikalia, wenzetu wakainuka.

"Endelea," akasema.

Nadhani Koko hakuogopa kifo. Aliogopa siku ambayo mtu ataita, asiitikiwe. Nikaendelea, mmoja mmoja, nikinyamaza kidogo baada ya kila jina.