Bega la Casimir

Wanaume wa kampuni wanaficha maumivu kama watoto wanavyoficha sukari mdomoni, na bwana wangu Casimir ndiye mkubwa wao. Miaka mingi alipanga sahani za shaba, yaani mabamba mazito, kiwandani hapa Likasi, mpaka bega la kulia likagoma. Kufikisha kijiko mdomoni tu, anakunja uso. Asubuhi kabla ya kazi, wakati wa kuimba nyimbo za kusifu chama tawala, mikono yote ilitakiwa juu. Yeye alijibanza nyuma ya rafiki yake Germain.

Nyumba yetu ilikuwa ya kampuni. Anayeambiwa hafai kazi anarudisha ufunguo, na mimi na watoto tungeenda wapi? Basi tukajitibu kimya kimya. Nilianza na kitambaa cha maji ya moto yenye chumvi: alipata usingizi, asubuhi bega ni lilelile. Nikamkanda kwa mafuta ya mawese. Aliniita muuaji, ila baadaye aliweza kujikuna kichwa. Mama Philomène, jirani, akamuumika kwa pembe, damu nyeusi ikatoka. Nafuu ya siku mbili, na makovu juu. Ndipo tukaenda mtaa wa Kikula kwa Symphorien, muuguzi anayechoma sindano nyumbani kwake. Maumivu yakakatika.

Symphorien mwenyewe hakutudanganya. Alisema sindano inanyamazisha tu. Dawa ni kupumzisha mkono miezi miwili, huku ukinyooshwa pole pole. Casimir alicheka sana, mimi nikakasirika. Miezi miwili! Angeiomba kwa nani?

Ikafika siku ya kupimwa na daktari wa kampuni. Tulipitia kwanza kwa Symphorien, akamchoma sindano. Casimir akainua mkono mpaka juu, daktari akamwambia yuko mzima, arudi kazini. Nilipika bukari, ugali wetu, na kuku, nikamshukuru Mungu. Nyumba imepona.

Kumbe muda wote ule Germain ndiye aliyemnyanyulia sahani, na mkubwa wao wa zamu alijifanya haoni. Aliposikia neno la daktari, akampeleka Germain kwingine, maana mtu mzima hahitaji msaidizi. Casimir akabaki peke yake na shaba.

Jioni ile alikaa kitandani, shati limemshinda kuvua. Nikamwambia arudi kwa daktari, aseme ukweli. Akaniangalia kwa huruma.

"Alphonsine, miye mwenyewe nilisema mbele ya docteur niko muzima. Sasa nitaambia nani kama ninaumia?"

 Nikamvua shati, na alfajiri nikamvalisha tena.