Msala Chini ya Sanamu

Mpaka leo nikisikia mtu akitaja "sanaa ya kisasa", damu hunichemka.

Miaka michache baada ya Uhuru, wakubwa kutoka bara walifungua makumbusho ya sanaa mpya hapa Lamu, katika nyumba kuukuu karibu na forodhani. Mwalimu wa bara aliyepewa kuyasimamia alikuja kwetu, akauona msala, mkeka wa kuswalia, ambao mama alikuwa ameusuka kwa miyaa, akauomba. Mama hakufuata mchoro wa mtu. Ile mishazari myeusi na myekundu, inayobanana kadiri inavyokaribia kichwani, aliibuni mwenyewe, akaifumua na kuisuka tena hadi ikamkaa rohoni. Kwao Siyu wasukaji ni wengi, lakini msala kama ule hakuna aliyekuwa nao.

"Utawekwa watu wauone, Bi," mwalimu alimwambia. Mama akautoa bure, kisha akatangaza mtaa mzima, yeye asiyejisifu hata kwa mchuzi wake.

Ilipofika siku ya wanawake kuingia, tukavaa mabuibui tukaenda. Mama alikagua kuta, picha baada ya picha, asiuone. Nikauona mimi. Ulikuwa sakafuni katikati ya ukumbi, juu yake pamesimama sanamu ya mti ya mtu asiye na uso, na wageni wakiukanyaga na viatu vyao. Mahali pa kuwekea paji la uso! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akakanyagwa. Mama, kwa mazoea, alivua makubadhi yake alipoufikia. Nilitamani kumzaba mtu kofi.

Nikamwita mwalimu, nikamuuliza mbona msala unakanyagwa. Alishangaa kwa dhati, na mshangao wake ndio ulionitia wazimu.

"Sanaa ni hii sanamu," alisema. "Mkeka tumeutandika tu, sakafu isikwaruzwe."

"Kwani mkeka si katika vitu vyenu vya kuonyeshwa?" mama akauliza.

"Hapana, Bi."

"Haya. Inua mtu wako, nitwae msala wangu."

Akainua. Mama akaukung'uta pale pale, akaukunja, akaufutika ndani ya buibui. "Tushike ndia, twende zetu, mwanangu."

Nyumbani majirani walikuwa wamekaa dakani, pale mlangoni, wakingoja habari. Wakamuuliza msala wake umewekwa wapi.

"Haukuwekwa," mama akajibu. "Wamesema haukufaa."

Nikafungua kinywa nieleze, akanikata jicho. Aliona heri waseme hajui kusuka kuliko wajue kwamba ulikanyagwa.