Mma Moatshe na Kontena la Moshi

Onalenna Moatshe, au Mma, yaani mama, kama wengi walivyomwita, alikuwa na miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia chini ya ardhi, katika mgodi wa platinamu nje kidogo ya Rustenburg. Alianza na koleo, akaja kuendesha winchi, na mwishowe wenzake wa shimo namba tatu wakampigia kura awe mwakilishi wao wa usalama. Alikuwa mtu wa kuuliza mpaka umchoke, na pengine walimchagua ili maswali yake yahamie kwa wakubwa, wao wapumue.

Asubuhi moja alikuwa anawaonyesha wageni wa kazi namna ya kuvaa kopo la hewa. Ni kopo ambalo kila anayeshuka mgodini hulifunga kiunoni. Moshi ukitokea, unalifungua, unauma mpira wake, unabana pua, na unapata hewa ya kutosha kutembea hadi mahali salama. Sharti liwe mdomoni kabla ya nusu dakika kwisha. Onalenna alikuwa amelifundisha jambo hilo miaka sita.

Zolile Mqikela, mchimbaji wa kutoka Pondoland asiyejua kunyamaza, alikuwa anapita akitafuna andazi. "Dada Ona, mbona unavaa huku umekodoa macho? Moshi hauji na balbu!"

"Basi nitafumba," akasema Onalenna, akafumba kweli.

Kifuniko kikamponyoka. Mpira aliupata, akauma, akahisi amemaliza. Alipofumbua macho, kibanio cha pua kilikuwa kinaning'inia kidevuni. Wageni wakatazamana. Zolile akavua kofia yake ngumu, akaiweka kifuani kama mtu aliye mazikoni.

Onalenna alicheka pamoja nao, ila siku nzima jambo lile halikumtoka kichwani. Cheti chake cha usalama kilikuwa na alama tisini na nne. Je, alama zile zilikuwa za nini?

Kuanzia kesho yake akawa anabeba taulo. Watu wakiwa kwenye foleni ya lifti ya mgodi, anamwomba mmoja amfunge macho, anampa kopo la mazoezi, anatazama saa. Kwa wiki mbili alipima watu thelathini. Walioweza walikuwa wanane. Aliyekuwa na alama mia kwa mia aliuma mpira juu chini. Na aliyewahi kuliko wote, kwa sekunde kumi na tisa tu, alikuwa Armindo Chilengue, mpiga drili wa kutoka Inhambane, ambaye mtihani wa maandishi alikuwa ameurudia mara tatu.

"Wewe ulijifunzia wapi?" akamuuliza.

"Mgodi wangu wa kwanza, Mma. Kulikuwa na mzee mmoja, Phafoli. Alitutia kwenye moshi."

"Moshi wa kweli?"

"Hauui. Lakini wewe uliye ndani hujui kama hauui."

Onalenna akaenda na daftari lake kwa Hannes Terblanche, mkuu wa mafunzo wa mgodi. Terblanche alisoma majina, akavua miwani. "Mma Moatshe, hawa wote walifaulu."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Ndicho ninachotaka kujua. Walifaulu nini?"

Terblanche hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba mkataba wa mafunzo ulikuwa unakwisha, kamati ingewaona wakufunzi wapya, naye aje akae kwenye kamati. Onalenna akamwomba aongeze jina moja kwenye orodha.

Wa kwanza kuja walikuwa vijana nadhifu wa Johannesburg, wenye miwani mikubwa ya kuvaa usoni. Ukiivaa unauona mgodi mzima, mwamba unapasuka, moto unawaka. Watu waliipenda mno. Zolile alipiga yowe na kumkumbatia mjumbe wa kamati. Onalenna naye alishangaa jinsi ilivyotengenezwa. Alipoivua, akaitazama mikono yake. Kwa dakika ishirini za hatari ile yote, mikono haikuwa imeshika kitu.

Wa pili walileta kitabu kinene, maneno yake mazuri, na cheti kinachotambuliwa na serikali. Onalenna alikisoma chote. Kilikuwa na mambo ya maana aliyokuwa hayajui, hasa kuhusu gesi. Aliuliza kama kipo kwa Kitswana au Kixhosa. Wakasema kinaandaliwa.

Wa tatu alikuwa Phafoli mwenyewe, ambaye watu walimwita Ntate, yaani baba. Alikuwa Mosotho wa miaka sitini na minane, aliyestaafu kwenye kikosi cha uokoaji cha migodi ya dhahabu ya Welkom. Alikuja na lori lililobeba kontena kuukuu la meli, akalishusha nyuma ya bwalo. Ndani alikuwa amefunga kamba ukutani, akapanga mbao za kukwaza miguu, na mwishoni kabisa mlango wa chuma kama ule wa chumba cha kujihifadhi, ambako wachimbaji hungojea waokoaji. Mashine ndogo ilitoa moshi mweupe usiodhuru.

"Nani anaanza?" akauliza.

Onalenna alikuwa ameshavaa kofia.

Ndani, taa yake ilimulika moshi tu, kama ukuta wa maziwa. Alilivaa kopo, akashika kamba. Kontena lenyewe halikuzidi hatua ishirini. Alilipima kwa macho akiwa nje. Alipofika thelathini akajua hajui aliko. Akapiga magoti, akapapasa, akagundua kwamba alikuwa ameiacha kamba bila kujijua. Aliipata, akaifuata, akagusa chuma.

Alipotoka, Phafoli hakumsifu wala kumkosoa. Alimuuliza tu, "Kamba uliiacha wapi?"

"Sijui, Ntate."

"Rudi ukatafute."

Akarudi mara tatu. Mara ya tatu akapaona: palikuwa na ubao, na mkono ulioshika kamba ndio aliokuwa anautumia kujizuia asianguke.

Kamati ilipokutana, mambo hayakuwa rahisi. Phafoli hakuwa na cheti kinachotambuliwa, na sheria ni sheria. Terblanche alisema kontena ni zuri, ila ni mchezo wa kupapasa.

"Umeingia?" Onalenna akauliza.

"Sina haja, Mma. Nimekaa mgodini miaka ishirini na sita."

"Basi hutachukua dakika mbili."

Wote walitoka nje kumtazama. Terblanche akaingia kwa mlango wa mbele, na baada ya dakika saba akatoka, kopo mdomoni, ananyoosha kidole gumba kwa ushindi. Alikuwa ametokea mlango uleule wa mbele. Aliangalia lori, akaangalia kamati, akaketi chini. Hata Zolile hakusema neno, na hilo halijawahi kuonekana tena.

Wakaamua hivi: wenye kitabu wapewe kazi, mradi wakitafsiri na wamwajiri Phafoli pamoja na kontena lake chini ya cheti chao. Vijana wa miwani waliaga kwa heshima.

Miezi minane baadaye, Jumatano asubuhi, mkanda wa kusafirishia mawe ulishika moto kwenye ngazi ya kumi na tisa ya mgodi. Watu kumi na wanne walikuwa upande wa moshi, Zolile na Armindo wakiwemo. Wote wakatolewa hai, wakikohoa, nyuso nyeusi tii. Wake zao waliimba getini. Onalenna aliwakumbatia mmoja mmoja, akalia bila kujificha.

Baada ya siku tatu akaanza kuwazungukia na daftari. Alitaka kujua kila kitu: nani alishika kamba, nani aliiacha, nani aliogopa. Majibu yalikuwa mazuri, lakini kila alipofika habari ya mlango wa chumba cha kujihifadhi, sauti zilishuka. Ni Zolile aliyesema.

"Tulikuwa kumi na watatu ndani, dada. Armindo hayupo. Moshi unaingia. Mmoja anasema tufunge, mwingine anasema ukifunga nakuua. Tuligombana pale, mimi nimeshika komeo. Dakika nne. Kisha akatokea."

"Angechelewa zaidi?"

Zolile alitazama chini. "Usiniulize hilo."

Onalenna alikwenda kumuuliza Phafoli. Mzee alikuwa anapaka kontena rangi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka brashi juu ya debe.

"Miaka arobaini nafundisha watu kuufikia mlango," akasema. "Kuhusu kuufunga, hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Tunaweza kulifundisha?"

"Sijui, mwanangu. Wewe unaonaje?"

Onalenna aliufungua mlango wa chuma, akaingia, akalishika komeo kwa mikono miwili ajue uzito wake. "Simama kule mwisho, Ntate," akamwambia. "Wewe ndiye uliyechelewa. Tuanze hapo."